Salamu Zilizotangulia Chisenga

Jumatatu, 4 Agosti

Kwa heshima zote, mbele ya ziwa na watu wake, natangaza: leo kampuni imenipa gileti ya kuelea. Rangi ya machungwa. Walinunua saizi ya mutu mukubwa, na bado vifungo viwili vya chini vimekataa kukutana. Vinatazamana kutoka mbali, tumbo langu katikati, kama majirani wenye kugombania shamba. Mama Feza, muke wangu, amesema nikianguka majini sina haja ya gileti, nitaelea kwa mali yangu mwenyewe.

Baada ya sherehe, kazi. Magunia ya chisense kutoka visiwani. Naingiza mukono ndani ya gunia, nazungusha, nasikiliza. Visamaki hivi vikikauka vizuri vinalia kama majani makavu. Kama kuna muchanga, vidole vinajua. Hiyo ndiyo elimu yangu yote. Gunia moja nimelirudisha, mwenyewe akanuna.

Muchana manager alituita. Wanunuzi wakubwa hawatosheki tena na samaki safi. Sasa wanataka kujua kama watu wenye kuwavua wako huru ao wanashikwa kwa nguvu. Kampuni imemwajiri mama mumoja kwa kazi hiyo tu, Madam Chanda, anatoka Lusaka, atazunguka kambi za wavuvi. Wavuvi wengi ni Wakongomani, wanaongea Kiswahili. Madam anajua Kibemba na Kiingereza basi. Nani atatafsiri? Papa Ngoy. Ndiyo mimi. Juu ya nini Papa Ngoy? Juu ni Mukongomani na ana viatu.

Nimefurahi. Siwezi kuficha.

Jumatano, 6 Agosti

Chisenga, kuchukua samaki kwa kambi ya Ba Mwansa. Ba Mwansa ni mukwe wangu: kijana wake alioa Yvette wetu, nao wanaishi kulekule kisiwani. Nyavu zote ni zake, taa zote zake, boti zote zake. Mutu wa heshima. Alikulia upande wa Kongo, anaongea Kiswahili tu, polepole, na kila nikifika ananitafutia kiti chenye mugongo.

Upepo muzuri. Wanawake walikuwa wanageuza chisense juu ya muchanga. Tulipopakia magunia, mubebaji mumoja alibaki nyuma nami. Mbayo. Mutu wa upande wa Pweto, kule Kongo, kama mimi, tunajuana kwa mizaha tu.

Akasema chini chini: "Papa Ngoy, weye ni wa kwetu. Munitoshe hapa, niende."

Nikamujibu: "Umechoka kula samaki ya bure?"

Hakucheka.

"Musimu mbili sasa naomba njia. Ba Mwansa anasema ngoja, mwingine atakuja kwa nafasi yako. Hakuna mwenye anakuja. Kalenga alijaribu kupanda bwato ya wauza chumvi. Bakamurudisha. Bakamupiga mbele yetu sisi bote, bakamufunga ku muti mpaka jua ikazama. Bibi yangu iko ku setelmenti na batoto. Hajui kama niko muzima."

Nilimwambia habari ya Madam. Kwamba anakuja hivi karibuni, kwamba hiyo ndiyo kazi yake, kwamba mimi mwenyewe nitatafsiri neno kwa neno.

"Kweli, papa?"

"Kweli."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namuangalia moyoni mukwe wangu na kile kiti chake. Sikutaka kuamini. Lakini Mbayo hana uso wa uongo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya jambo jema. Niliandike juu si kila wiki. Nimetuma habari kule setelmenti ya wakimbizi, kwa bibi wa Mbayo, jina lake Salome: bwana yako ni muzima, yuko Chisenga, karibu atafika. Dereva wa minibasi mwenye alibeba ujumbe amenihakikishia amemuona Salome mwenyewe, na kwamba mama huyo alikaa chini palepale njiani.

Madam amepiga simu. Tutaenda Jumatano. Sharti moja: hakuna kambi kupewa habari. Tunafika bila hodi, tunawakuta watu kama walivyo.

Nilimwambia Mama Feza. Akaacha kusonga bukari.

"Kwa mukwe? Bila hodi?"

"Ni kazi."

"Na ukimukuta anaoga ziwani, utamusalimia wapi?"

Tulicheka mpaka machozi. Halafu hatukucheka tena, juu hilo si jambo dogo. Kwa mukwe unatuma salamu kwanza. Ni vile, huku na ng'ambo. Wafagie, wavae, wachinje kama kuna cha kuchinja. Ukimwangukia mukwe ghafla umesema mbele ya watu kwamba humuhesabu. Na mwenye kulipa si wewe. Ni mutoto wako mwenye kukaa pale. Yvette atasikia habari ya siku hiyo mpaka wajukuu wangu waote ndevu.

Sijalala vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempigia Yvette. Maneno machache. Mwambie baba mukwe kwamba Jumatano nitapita na mugeni wa kampuni, wasihangaike na chakula. Bien sûr, bila shaka, ukisema wasihangaike na chakula, watapika. Lakini sikusema mugeni ni nani. Sikusema anatafuta nini. Nilisema mugeni tu. Mugeni anaweza kuwa mutu yeyote.

Yvette alifurahi. Alisema, "Asante, papa. Ningekufa na haya."

Nimepumua.

Jumatano, 13 Agosti

Niandike yote.

Tulifika asubuhi. Kambi imefagiliwa mpaka mizizi ya miti inaonekana. Wanaume wamepangwa mbele ya vibanda, wamevaa mashati. Mashati mapya. Mikunjo ya dukani bado iko vifuani.

Madam Chanda ni mutu mwembamba, hana maneno mengi. Aliangalia yale mashati. Kisha akaniangalia. Nikaangalia maji.

Ba Mwansa alitupokea kwa mikono miwili. Viti vilikuwa tayari. Yvette akapiga magoti, akatupa maji ya kunawa. Madam alisema kwa Kiingereza kwamba anaomba kuongea na wafanyakazi peke yao, mwenye kambi aende mbali kidogo. Na mimi mutafsiri mukubwa nikafungua mudomo. Namuambia mukwe ondoka kwa nyumba yako? Nilisema: "Madam anasema, kama mukwe amechoka, anaweza kupumzika kidogo."

Akajibu kwamba hajachoka.

Basi akakaa. Miguu yake ilikuwa karibu na miguu yangu. Wanaume walikuja mumoja mumoja. Munakula? Tunakula. Munaweza kuondoka? Tunaweza. Mulipigwa? Hapana, Ba Mwansa ni baba yetu. Kalenga naye alisema vile, mukono mumoja ndani ya mufuko. Nilitafsiri neno kwa neno, kama nilivyoahidi.

Mbayo hakuwepo.

Niliuliza kama mutu mwenye kuuliza habari ya hewa. Ba Mwansa akasema: "Ule? Alirudi kwake jana. Nilimupa boti mimi mwenyewe. Hakuna mutu ninamushika hapa, mukwe."

Nikamutafsiria Madam: wafanyakazi wanakwenda wakitaka. Akaandika.

Labda ni kweli. Labda Mbayo yuko njiani kwenda setelmenti sasa hivi. Najiambia vile. Nilikula sana.

Ijumaa, 15 Agosti

Magunia. Upepo. Hakuna habari.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada, nyumbani kulikuwa mutu. Salome. Alikuja na minibasi jana, akalala kwa mama wa kanisa, leo amenipata. Mwanamuke mufupi, sauti ya chini. Watoto amewaacha kwa dada yake. Alipiga goti mbele yangu na kunishukuru kabla sijakaa.

"Nilisema nije kumungojea hapa karibu na maji," akasema. "Papa, anakuja siku gani?"

Kwa hiyo hayuko setelmenti.

Nilimwambia, hivi karibuni. Mama Feza aliniangalia kutoka jikoni. Akamutandikia Salome mukeka ndani ya chumba cha Yvette cha zamani.

Jumanne, 19 Agosti

Salome amefagia uwanja wote. Ameosha sufuria zenye hata sisi tulikuwa tumezisamehe. Kila boti ikilia anasimama, anakausha mikono, anakwenda mpaka pa kona, anarudi. Mama Feza hanitanii tena. Sikujua nyumba yangu ni kimya vile.

Nimeteremka bandarini. Nimemuuliza habari ya Mbayo mumoja wa wenye boti za abiria, mutu mwenye kunywa chai yangu mara nyingi. Alizunguka zunguka. Mwishowe akasema aliwaona. Jumanne iliyopita, mapema, boti ya Ba Mwansa ikiwa na wanaume watatu, ilikuwa inakata moja kwa moja kwenda upande wa Kongo. Ndugu mudogo wa Ba Mwansa ana kambi kule, mbali na njia, ndani ya matete. Mbayo alikuwa katikati, amekaa chini, hajashika kasia.

Jumanne. Siku moja mbele ya sisi kufika.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ba Ngoy," akasema, "ni mukwe wenu. Tulizani munajua."

Alhamisi, 21 Agosti

Ilibidi Salome aambiwe. Nilimwambia: amevushwa ng'ambo, walimuhamisha kabla ya sisi kufika. Habari ilivuja.

"Ilivuja kwa nani?"

Nikasema sijui. Nikasema watu wa biro ya kampuni wanaongea. Nikasema dereva wa Madam, yule ana mudomo. Masikini dereva wa Madam, sijawahi hata kusikia sauti yake.

Salome alisema, "Mungu anamujua mwenye alifanya vile."

Mimi ni mutu mubaya na ninacheka vizuri. Watu wanapenda kunisalimia bandarini.

Ijumaa, 22 Agosti

Mama Feza, akiwa amenipa mugongo, anakata mboga ya lengalenga: "Tulicheka sisi wawili. Usijibebe kama ulicheka peke yako. Lakini simu ulipiga peke yako."

Jumatatu, 25 Agosti

Nimempigia Madam Chanda. Nilikwenda mbali na depo ya kampuni, nyuma ya choo, mahali pa heshima panaponifaa. Nikamwambia: yule mwenye kambi ni mukwe wangu. Mutoto wangu ameolewa pale. Nilituma salamu siku mbili mbele. Na pale pa kumuondoa, sikutafsiri ulichosema.

Nilisikia anafungua daftari.

Akauliza: "Maneno gani hasa ulituma?"

Nikamwambia.

"Na mimi nilisema nini, na wewe ulisema nini?"

Nikamwambia.

Akasema: "Ba Ngoy, niliuliza kila mutu kuhusu usalama wa boti. Sikuuliza mutafsiri ana undugu na nani."

Nikasema: "Na mimi sikusema."

Akasema hapana, haukusema. Halafu akauliza habari ya Mbayo, ya Kalenga, ya ndugu mudogo wa ng'ambo. Hakunitukana. Ningependa anitukane kidogo.

Alhamisi, 28 Agosti

Wamekwenda Chisenga leo. Madam, polisi, mutu wa idara ya kazi, na mutafsiri mwingine, mwalimu mumoja kutoka Chienge mwenye hana mukwe ziwani. Bila hodi. Mimi nilibaki depo, naingiza mukono ndani ya magunia. Sikusikia chochote, si muchanga, si samaki.

Ijumaa, 29 Agosti

Wanaume sita wamesema wanataka kuondoka, na wameondoka. Kalenga ni mumoja wao. Boti iliwashusha hapa muchana, kila mumoja na mufuko wake wa plastiki. Ba Mwansa yuko kwa polisi Nchelenge. Kampuni imesimamisha kununua kwa kambi yake mpaka mambo yajulikane. Madam anatafuta namna wale sita wapate haki yao ya kazi, juu amesema kuwatoa tu na kuwaacha barabarani si kuwasaidia.

Salome alisimama bandarini. Mama Feza alikuwa naye. Alimuangalia wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Halafu akaendelea kuangalia boti, yenye ilikuwa tupu, mpaka mwenye boti alipoinua mashini yake na kuondoka nayo begani.

Usiku Yvette amepiga simu. Mama mukwe wake hali tena chakula chenye yeye anapika. "Papa, si ungeniambia tu?" Sikujua anataka kusema ningemwambia nini: kwamba mugeni ni nani, ao kwamba nitamukamatisha mukwe wake. Sikuuliza. Mutoto anaweza kuwa na hasira mbili.

Jumatano, 3 Septemba

Madam ananiambia kuna watu wa kanisa upande wa Kongo wanaoweza kuuliza habari za ile kambi ya matete, polepole, bila kuwashitua. Wameshapata habari kwamba watu wa kambi walihama tena. Wapi, hakuna mwenye kujua. Wanaomba majina yote ya Mbayo, na alama yoyote ya mwili.

Nikafungua mudomo nimupe jina. Mbayo. Mbayo nani? Nilimuahidi mutu uhuru wake na sijui jina lake la pili.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda ibada. Mama Feza alikwenda, nadhani makusudi.

Salome alikuwa nyuma ya nyumba, anachambua maharagwe. Nikavuta kigoda. Nikamuomba majina. Akayasema taratibu ili niandike vizuri: Mbayo Kisimba Déogratias. Kovu chini ya sikio la kushoto, alianguka na baiskeli akiwa mudogo. Kidole kidogo cha muguu wa kuume hakina ukucha. Anapenda kuimba lakini hajui. Nikaandika hata hilo.

Alipomaliza akasema, "Mungu akubariki, papa. Weye peke yako ulituangalia."

Sikuweza kuibeba ile baraka. Basi nikamwambia. Naandika hapa kama nilivyosema, juu mpaka leo hata humu sikuandika yote.

Nilimwambia habari haikuvuja. Mimi niliituma, kwa simu, kwa mutoto wangu, juu niliona haya mbele ya mukwe. Dereva hakusema kitu. Nilimwambia kwamba Madam alitaka mukwe aondoke tuongee na wale wanaume, nami nilipindisha maneno ili asichukie.

Nilimwambia pia ya siku ile ya kwanza. Mbayo hakuomba tu kwa maneno. Baada ya kunishika mukono, aliingia majini, akaweka muguu mumoja ndani ya boti yetu. Ba Mwansa alikuwa amekwenda vibandani kumwita Yvette anisalimie. Mwenye mashini alikuwa ameshawasha. Nikamwambia Mbayo: hapana, si leo, mukwe atasema nini, ngoja Madam. Nilimwambia kwa upole, nikicheka kidogo, vile nacheka. Akatoa muguu. Akatusukuma ili tupate maji mengi. Yeye ndiye alitusukuma.

Salome alikuwa ameacha kuchambua.

Akauliza, "Boti ilikuwa imejaa?"

"Hapana."

"Kulikuwa nafasi ya mutu?"

"Kulikuwa nafasi."

Akatikisa kichwa, mara moja, kama mutu mwenye amepewa bei na ameisikia. Akarudia maharagwe mpaka yakaisha. Akayatia ndani ya sufuria, akayafunika. Kisha akakunja mukeka wake na kwenda kwa yule mama wa kanisa. Atakaa pale, amemwambia Mama Feza, mpaka habari ije kutoka ng'ambo. Si hapa.

Majina nimeyatuma kwa Madam. Amejibu kwamba ameyapata.

Mama Feza amepika yale maharagwe. Tumekula kidogo.